Ghorofa ya Wamagharibi, Ghorofa ya Waasia

Zimeni hiyo redio, fungeni mlango, mkae. Mjomba wenu akae karibu na kichwa changu, maana ndiye shahidi na masikio yake yamechoka kama mapafu yangu. Wewe binti yangu kaa hapo juu ya kapu la mashuka. Na wewe Profesa, simama tu, kiti hakikuwekwa kwa ajili yako. Nisikilizeni wanangu wala msinikatize, kwa sababu pumzi iliyobaki inatosha kusema mara moja, na sina mpango wa kurudia kwa ajili ya mtu mwenye digrii.

Nyumba hii ya wageni niliijenga na marehemu baba yenu, na alipokufa nikaiendesha peke yangu, nikimpokea kila aliyekuja na begi lake bila kumuuliza wanaishije kwao, namuuliza tu chai anakunywa saa ngapi. Kila asubuhi tuligonga kila mlango, hodi, umeamkaje, na asiyetaka kusumbuliwa alitwambia mwenyewe. Ndipo ukarudi wewe Profesa kutoka masomoni na hiyo tai shingoni, ukatukusanya jikoni, mimi mama yako mzazi na wafagizi wangu, ukaanza kutufundisha watu. Ghorofa ya chini iwe ya Wamagharibi: hao kila mtu na lake, msiwagongee, msiwaulize habari za nyumbani. Ya juu iwe ya Waasia: hao familia kwanza, mkubwa akisema mdogo hunyamaza, kwa hiyo jambo lolote apelekewe mkubwa wao. Mpishi akakuuliza, wanaotoka kwingine tuwalaze darini? Jiko zima likacheka, wewe hukucheka.

Pale chini alikaa yule fundi saa mzee, Mmagharibi wako halisi, aliyekulia katika nyumba iliyojaa ndugu na shangazi, na ambaye hakuweza kumeza tonge akiwa peke yake. Alikuwa akikaa jikoni kwangu akimenya viazi na kusengenya wakwe zake. Wewe ukamtoa kwa heshima zote, ukampelekea chakula chumbani kwenye sinia, ukamfungia mlango, ukaniambia nimpe nafasi yake. Alikonda, mzee wa watu, kisha akahama bila kuaga. Na chumba cha jirani yake alikuwamo mama mmoja wa huko huko kwao, ambaye hata salamu ilimkera. Uliwaona wote wawili kila siku. Ukaendelea na somo lako.

Sasa tuje kwa yule msichana wa juu. Unainamisha kichwa cha nini? Inua. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo, anatoka huko Asia kwako, mikono yake haitoki grisi. Siku aliyofika alisimama pale mapokezi, wewe ukiwa nyuma ya meza na dada yako pembeni, akasema kwa lugha iliyonyooka: akija kaka yangu kuniulizia, semeni hamnijui. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Mimi nikalazwa hospitali kwa mapafu haya, na kaka mtu akaja. Viatu vinang'aa, mfuko wa matunda mkononi, anakuita ndugu yangu. Nawe ukatoa ufunguo wa akiba ukampa, ukamwelekeza na ngazi, kwa sababu yeye ni mkubwa wake na hivyo ndivyo wanavyoishi. Dada yako aliposikia kelele alipanda mbio, akakuta mkanda umeshafanya kazi na dirisha liko wazi. Msichana alikuwa chini, kwenye sakafu ya kufulia. Mguu ule hautanyooka tena. Na polisi walipokuja, uliwaambia nini? Ukawaambia ni mambo ya kifamilia, Waasia wana maadili yao.

Wana yapi? Nijibu. Kaka na dada wale walinyonya titi moja, wakalala kitanda kimoja wakiwa wadogo. Asia ni yule aliyeshika mkanda, au ni yule aliyeruka dirishani? Ukiweza kunijibu, nyumba chukua sasa hivi.

Nipe maji, binti yangu. Taratibu.

Mjomba wenu hili alisikie vizuri. Nilipoanza kuoshwa na kugeuzwa kitandani, huyu alisema watu wa kisasa huajiri muuguzi, kila mtu mzima ana maisha yake, ndivyo wanavyofanya Magharibi. Juzi alipodhani nimelala, akamwambia dada yake kwamba mali hushikwa na mtoto wa kwanza na mdogo hutii, ndivyo wanavyofanya Asia. Siku ya kunilea wewe Mmagharibi, siku ya kurithi umekuwa Mwasia. Una bara kwa kila shida yako! Mimi nimekuzaa, na sijui umetoka wapi.

Basi nyumba yote, chini na juu, na uwanja wa kufulia, ni ya binti yangu. Auze, aibomoe, alale humo peke yake, hakuna wa kumuuliza. Na usinitazame kwa machozi, mama, sikupi kwa mapenzi. Nilimpenda kaka yako kuliko wewe tangu ulipozaliwa, na wewe unajua. Nakupa kwa sababu ulipanda ngazi.

Funguo zote, Profesa, ziweke hapa kitandani. Na wa akiba. Mtafute yule msichana, binti yangu, akitaka chumba apewe kile cha chini, asipande ngazi.

Sogea, binti yangu. Mkono wangu hauinuki, uuweke mwenyewe kichwani pako. Hivyo. Radhi zangu zote chukua. Upate... upate watu wa kukusikiliza unaposema. Basi.

Wewe Profesa umepiga magoti kwa nini? Nimekwambia usimame.

Naona unangoja. Hulii, unangoja tu, hata huna wasiwasi. Ni kwa sababu unajua mama wa kwetu akiwa anakata roho hulainika, humsamehe mwanawe, humpa radhi, wote hufanya hivyo, umeona misiba mingi. Hata mjomba wako anangoja.

Ngojeni.

Mimi sijambo... nina pumzi kidogo bado. Naiona radhi yako hapa, iko kinywani. Sikupi.

Nigeuzeni... ukutani.