Générose Mukandekezi, Mkunga Aliyengoja Sahihi ya Pili

Tumekutana hapa Ndera leo, Jumatatu tarehe 12 Desemba 1994, kumrudisha Générose kwenye kilima alichozaliwa. Aliondoka hapa akiwa na umri wa miaka saba, mara akibebwa, mara akitembea. Wengi wetu hatukutegemea kwamba angerudi, wala kwamba akirudi tungekaa naye miezi minne tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954, mtoto wa pili wa hayati mzee Rwabukamba na mama yetu Pudentienne. Mwaka 1961 familia ilikimbilia Tanganyika na kupokelewa katika makambi ya wakimbizi wilayani Ngara. Huko kambini aliugua homa kali ya viungo. Akapona, akakimbia na kucheza kama watoto wenzake, kumbe homa ile ilikuwa imeharibu vali ya moyo wake. Hilo hakulijua mpaka alipokuwa mtu mzima.

Alisoma shule ya msingi kambini, akaendelea na sekondari ya wasichana Bukoba, kisha akajifunza uuguzi na ukunga Mwanza, alikohitimu mwaka 1977. Mama anakumbuka kwamba binti yake aliporudi likizo ya kwanza, wanawake wa kambi walijipanga mlangoni kumwonyesha matumbo yao, naye akawaeleza kwamba bado hajafundishwa jambo lolote ila kutandika vitanda. Walikataa kuondoka. Ikabidi awashike matumbo mmoja mmoja na kuwaambia wale mboga.

Alifanya kazi Mwanza kwa miaka kumi na moja. Mwaka 1988 shirika moja la misaada lilitafuta wakunga wa kwenda Pemba, naye akajitolea. Visiwa vile vina serikali yake na sheria zake, na wakati ule msichana asiye na mume akionekana mjamzito aliweza kufungwa. Akiitoa mimba, hilo nalo lilikuwa kosa la jela, kwake na kwa aliyemsaidia. Mwaka 1990 akaletewa binti wa miaka kama kumi na saba aliyekuwa amekunywa dawa ya kutoa mimba. Générose alimsihi aitaje dawa hiyo, maana bila kuijua hawakuweza kumtibu sawasawa. Binti alimwangalia, akamwambia, "Nikiitaja, mama atafungwa." Hakuitaja. Alifariki mchana ule ule, na mama yake alikuwa amekaa nje ya wodi muda wote.

Générose alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, na katika maisha yake ya kazi hakuwahi kutoa mimba ya mtu. Lakini tangu Pemba hakuvumilia kusikia wasichana wakisemwa. Mtu akianza kuwasema mbele yake, alinyanyuka na kwenda kufanya kazi nyingine.

Mwaka uleule wa 1990, alipokuja likizo Mwanza, alikutana na Évode Munyaneza, mpima ardhi, naye mtoto wa wakimbizi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Julai 1991, na Générose akaiacha Pemba. Walipenda sana kupata mtoto. Mimba mbili ziliharibika, na ya pili, mwaka 1993, ndiyo iliyofichua ubovu wa moyo. Madaktari walimwonya asibebe nyingine. Évode anasema siku ile walirudi nyumbani kwa miguu, na walipofika mkewe akapika kama kawaida, kisha akamwomba wasiwaambie ndugu mpaka azoee.

Mwezi Agosti mwaka huu walirudi Rwanda. Évode alipata kazi ofisi moja ya Kacyiru, mjini Kigali, wakapata na nyumba hapo jirani. Walikuja Ndera kutafuta jamaa waliobaki, wakamkuta mmoja tu: Shami, mwenye umri wa miaka tisa, mtoto wa binamu yetu aliyeuawa mwezi Aprili. Walimchukua siku ileile. Kwa wiki kadhaa Shami hakusema kitu. Neno lake la kwanza kwa Générose lilikuwa la kumsahihisha Kinyarwanda chake, kwa kuwa marehemu alikizungumza kama bibi kizee, kwa maneno aliyoondoka nayo mama yetu mwaka 1961.

Kiswahili chake nacho kilikuwa cha Pemba. Mara ya kwanza kwenda sokoni Nyabugogo aliomba tungule, akimaanisha nyanya. Muuzaji alifikiri, akaulizana na wenzake, akarudi na jibu: "Hiyo hatuna, mama. Tuko na nyanya tu." Générose alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la viazi la mtu. Shami naye akacheka, na kwa hao wawili huo ulikuwa mwanzo.

Septemba alianza kazi katika wodi ya wazazi hapa mjini. Humo walikuwamo wasichana waliobebeshwa mimba kwa nguvu wakati wa mauaji. Aliwaogesha, akawachana nywele, na aliyetaka kunyamaza alimwacha anyamaze. Ni katika siku hizo hizo alipotambua kwamba yeye mwenyewe ni mjamzito.

Kuhusu ugonjwa wake, baadhi ya wazee, na padri wetu pia, walishauri tuandike "ugonjwa wa moyo" na tuishie hapo. Évode hakukubali. Alituambia, "Moyo ulikuwa mgonjwa, ndiyo. Lakini andikeni pia kwamba alingoja." Kwa hiyo tunaeleza ilivyokuwa.

Mwanzoni walifurahi, na kwa kitambo walijaribu kuamini kwamba safari hii moyo utastahimili. Kufikia Novemba miguu ilikuwa imevimba, pumzi imekuwa fupi, na usingizi anaupata ameketi, ameegemea mito. Daktari aliyemtibu alimweleza bila kuzunguka kwamba mimba ikiendelea atakufa, na mtoto pia hataishi. Sheria yetu inaruhusu mimba kutolewa pale inapohatarisha sana afya ya mama, lakini lazima daktari wa pili akubali na aweke sahihi.

Évode alisitasita. Alimwomba mkewe wasubiri kidogo, wamwachie Mungu. Générose alikuwa anamtaka mtoto yule kuliko sisi sote tulivyojua; alikuwa tayari anamsemesha akiwa peke yake jikoni. Lakini alimjibu mumewe, "Évode, Shami ameshapoteza mama mmoja." Kuanzia hapo Évode hakubisha tena. Alikwenda kumtafuta daktari wa pili.

Madaktari Kigali kwa sasa ni wa kuhesabika. Aliyepatikana alimpima kwa uangalifu na kwa heshima, na hakukataa kwamba moyo ulikuwa dhaifu. Alisema dawa zijaribiwe kwanza. Générose alimwambia kwamba dawa zimeshajaribiwa. Daktari akasema, "Mama Shami, watu waliisha hapa kwetu. Mimi siwezi kutia sahihi ili mwingine asizaliwe."

Générose akamjibu, "Na mimi ni mtu, daktari."

Aliondoka bila sahihi. Daktari yule alikuwa amezika watoto wake watatu mwaka huu. Générose alilijua hilo, na njiani alimkataza Évode kumtukana. Évode aliuliza katika ofisi za serikali Kacyiru, akaambiwa ni lazima iwepo sahihi ya pili. Simu zilikuwa hazifanyi kazi. Alimpa dereva aliyekuwa anakwenda Butare ujumbe wa kumpelekea daktari mwingine huko, naye akajibu kwamba atafika Jumatatu. Jumatatu hiyo ndiyo leo.

Jumatano hali ilibadilika. Alilazwa katika hospitali aliyokuwa akifanyia kazi, na wale wasichana wa wodini walipokezana kumpepea. Ijumaa jioni daktari yule aliyekataa kutia sahihi alipita, akamwona anavyohema, akaomba karatasi na kutia sahihi bila kuombwa na mtu. Lakini mapafu yalikuwa yamejaa maji na hakuweza tena kufanyiwa jambo lolote. Générose alimwita Shami, akamwuliza kama amekula. Shami alisema amekula. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Alifariki Jumamosi asubuhi, tarehe 10 Desemba, mumewe akiwa amemshika mgongo ili akae wima.

Daktari huyo alifika msibani jioni ile, akasimama langoni, hakuingia. Baadhi yetu tulitaka aondoke. Évode alikwenda kumletea kiti. Yuko nasi hapa makaburini, na familia inaomba asisumbuliwe.

Marehemu ameacha mume, Évode Munyaneza, binti, Shami, mama mzazi, Pudentienne, dada yake mkubwa, Xavérine, na mdogo wake, Silvère, anayewasomea maneno haya. Ameacha pia akina mama wa Mwanza, Pemba na Kigali ambao watoto wao aliwapokea kwa mikono yake.

Anazikwa pamoja na mtoto wake wa kike wa miezi mitano, ambaye hakuuona mwanga wa dunia. Tuliambiwa kwamba asiyezaliwa haandikwi katika wasifu. Baba yake amesema ana jina, na jina lake ni Gwiza.

Générose na Gwiza, laleni kwa amani.