Mtoto Hana Kadi ya Chuo

Basi la jioni lilipokaribia chuo, fundi cherehani aliyepakata kichanga alimwambia mwalimu wa kuchomelea vyuma aliyekaa pembeni yake, "Miaka kumi iliyopita hapa palikuwa na karakana moja ya seremala. Watoto wetu walilala kwenye maranda, sisi tukisoma."

"Sasa ni ghorofa nne, dada. Asiye na kadi haingii."

"Huyu ana miezi mitatu. Kadi ataivaa wapi?"

"Mimi nafundisha tu."

"Nami naanza kozi mpya leo, sina wa kumwachia."

"Chuo kimekua, dada."

"Kimekua mpaka kinaogopa watoto."

Mwalimu akatazama dirishani, ingawa nje kulikuwa na ukuta tu.

Basi likasimama. "Nishikie nishuke," akasema fundi, akampa mwalimu mtoto, akaelekea getini, kadi yake mkononi, bila kugeuka. Mwalimu akamfuata, kichanga begani, akitembea taratibu asije akamwamsha.