Soli ya Kushoto

Macho hayana pazia, na masikio ya nesi aliyetoka zamu hayakuwa nalo pia. Basi lilikuwa nusu tupu, na nyuma ya kiti chake wazee wawili wasiojuana walikuwa wameshaanza kugombana kuhusu beki mmoja wa zamani.

"Yule kijana alikuwa ukuta, bwana!" alisema mwenye kofia. "Mshambuliaji akimwona, anakumbuka hakufunga mlango nyumbani." Nesi akajizuia kucheka. "Ana miaka ishirini na miwili, timu ya taifa inamwita, mara akaanza kukwepa mipira. Sifa zilimlevya."

"Sifa wapi! Goti lilikuwa limekwisha," alijibu mwenzake, fundi viatu, mwenye gundi iliyokauka kwenye kucha.

"Daktari wa timu alisema ni mzima."

"Daktari alitazama goti, mimi nilitazama viatu. Msimu mzima soli ya kulia ililika kama sabuni, ya kushoto ikabaki mpya. Mguu ule alikuwa akiuonea huruma."

Mwenye kofia alimgeukia. "Sasa, mzee mwenzangu, ulimwambia nani?"

"Kila Ijumaa alikuja dukani anaimba. 'Baba, niwekee soli, kesho tunacheza.'" Fundi alitabasamu, kisha tabasamu likamponyoka. "Nikamwekea. Na mimi nilitaka kumwona akicheza."

"Sote tulitaka," alisema mwenye kofia, na basi likasimama.