Mita Moja ya Uyole

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yangu Gwakisa Ezekia Mwalyego, ambaye mimi mdogo wake Tadeo nimepewa kazi ngumu ya kumsomea wasifu wake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kiwira, Rungwe, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1965 hadi 1971, sekondari akasomea Iringa, kisha akajifunza upimaji wa ardhi Morogoro na kuhitimu mwaka 1980.

Kazi alianzia Iringa, na huko tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu Veneranda, binti wa Kalenga, wakajaliwa watoto wanne, ambao ni mashahidi kwamba baba yao hakuweza kula ugali wake kama picha ukutani imepinda, jamani.

Alihamia Mbeya mwaka 1989, na mwezi Mei 1998 alipima viwanja vya Uyole, na hapa naomba mnivumilie, kwa maana yeye mwenyewe aliagiza tusilifiche kosa lake. Mpimaji huzunguka eneo mpaka arudi alipoanzia, na vipimo visipokutana kwa sentimita chache, huzigawa kila upande, lakini pengo likiwa kubwa hana budi kurudi uwandani alitafute kosa. Pengo la siku ile lilikuwa mita nzima, utepe wa kupimia ulisomwa vibaya mahali pamoja, naye kwa haraka ya kukabidhi ramani akaigawa hiyo mita, karatasi ikapendeza. Kwa ramani hiyo, mwaka 2003 jirani yetu Mama Mwanakhamisi alishindwa shauri la mpaka, akaitwa mwongo hadharani, akabomoa jiko lake lililoonekana limevuka mpaka.

Mwaka 2012 alipima upya, akaliona kosa, akaandika barua ofisini ingawa alibakiza miaka mitano astaafu, akateremshwa cheo, mpaka wa kiwanja ukarudishwa mahali pake, akaenda kwa Mama Mwanakhamisi kuomba radhi.

Aliugua figo tangu Novemba 2023, akafariki tarehe 6 Juni 2024 hapa Mbeya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapimaji wenzake, majirani, na Mama Mwanakhamisi, aliyemletea uji wodini siku kumi na moja, ambaye hajasema kama amesamehe, nasi hatumuulizi. Mama, marehemu alisema uliaibishwa mbele za watu, basi radhi nayo isomwe mbele za watu: hukuwa mwongo, kosa lilikuwa lake.

Kaka, radhi yako tumeisoma. Pumzika kwa amani.