Swali la Felisita

"Mume wako alikufa akilinda nchi yetu, au akivamia ya watu?" Jirani yangu Felisita aliniuliza hivyo baada ya vita vya Uganda. Nilimjibu kuwa Mungu anajua.

Mwaka ule Wamarekani walipoingia Iraki, ndani ya basi la Mwanza, Athumani muuza vitenge alifoka, "Serikali yetu ilaani, isiseme inasikitika tu!" Wakaitikia hata waliokuwa wamesinzia.

"Ng'wanawane, mwanangu," mzee mmoja akamwambia, "mimi nilifika Kampala na bunduki. Tulishangiliwa."

"Nyinyi mlichokozwa, baba."

"Kila jeshi husema limechokozwa."

"Basi mlikuwa mnalinda au mnavamia?"

Rozari niliyokuwa nikisali ikasimama mkononi mwangu. Jibu hilo nililihitaji kuliko Athumani.

Basi likasimama Lamadi. Mzee, aliyekuwa amelipa nauli ya Magu, mbele zaidi, akachukua fimbo yake, akashuka.