Dada Yetu, Msoma Mita na Mwandishi wa Riwaya

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika chumba cha nyuma ya duka la baba, aliyekuwa fundi saa. Tulizaliwa wawili tu. Wa pili ndiye anayesoma wasifu huu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara, na bado alichelewa kila siku. Mwalimu mkuu akamwita baba. "Mzee, nyumba yako naiona kutoka ofisini. Huyu binti anapotelea wapi?"

"Nami shule naiona kutoka dukani, mwalimu," baba akajibu. "Nilitaka nikuulize wewe."

Kumbe alikuwa akizungukia sokoni kuangalia watu wanavyogombana. Alimaliza sekondari mwaka 1971, licha ya viboko vyote.

Mwaka 1973 aliajiriwa idara ya maji kama msoma mita, kazi ya kuingia ua hadi ua. Aliipenda mno. Likizo alipanda basi hadi kituo cha mwisho, mji wowote ule, akashuka na kuranda tu. Riwaya zake nne zilitoka huko: ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo, bibi harusi aliyelala stendi. Akishinda ndani wiki nzima, kalamu inagoma.

Shemeji yetu ni fundi cherehani. Mita husomwa mara moja kwa mwezi. Yake ilisomwa kila wiki. "Dada, maji haya nakunywa peke yangu," alilalamika. "Hiyo mita itakuwa imekimbilia wapi?" Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa binti mmoja.

Novemba 2022 alipata kiharusi, miguu ikakataa. Riwaya ya tano ilikuwa katikati, na alitaka kuimaliza kabla hajafa. Alilisema hilo waziwazi. Basi akamtuma mumewe, mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye kiti cha cherehani, akamwangalizie mitaa. Siku ya kwanza shemeji alirudi akasema, "Nimeona watu."

"Makubwa! Mimi nilidhani utaona twiga. Watu gani? Wanafanya nini?"

Akarudishwa barabarani. Taratibu macho yakamfunguka, na sura za riwaya zikaongezeka.

Mei 2024 daktari alituambia tujiandae. Shemeji akasema hatoki tena. "Ukibaki tutatazamana tu," dada akamwambia. "Nenda, mume wangu. Imebaki sura moja." Akaenda shingo upande.

Jumanne, tarehe 14, alimwona mtu amebeba mlango kichwani. Yule mtu akakutana na rafiki yake, akausimamisha mlango katikati ya njia wasalimiane. Rafiki akaugonga. "Hodi!" "Nani wewe?" akauliza mwenye mlango, na mtaa mzima ukacheka. Shemeji alirudi nyumbani karibu anakimbia. Binti yake alikuwa amesimama nje. Dada alikuwa ameshafariki, saa nne asubuhi.

Riwaya imebaki bila sura ya mwisho. Shemeji hajajisamehe kwa kutoka, ingawa alitumwa. Inamuuma, nasi inatuuma.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na mdogo wake.

Leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, shemeji aliketi kando yake akamsimulia habari za ule mlango, mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza alingoja aulizwe kama siku zote. Hakuulizwa kitu.

Dada yetu na apumzike.