Historia ya Marehemu Lea Kalinga, Aliyemwaga Maji ya Harusi

Ndugu waombolezaji, watumishi wa Mungu, majirani wa hapa Nyololo, na ninyi mliosafiri kutoka Iringa, Iyunga na Usangu, ukoo umenipa mimi Anania Kalinga, mdogo wake marehemu, kazi ya kueleza maisha ya dada yetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda mtu asifiwe kwa jambo asilolifanya, tutayasema yalivyokuwa, hata pale yanapotuuma.

Lea alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 hapa hapa Nyololo, akiwa mtoto wa pili kati ya sita, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya misheni kuanzia 1943 hadi darasa la nne mwaka 1947, alipoacha masomo ili amuuguze mama yetu, na hatukumsikia hata siku moja akilalamika kwa hilo.

Mwaka 1953 alikwenda Iringa mjini, akaajiriwa katika nyumba moja ya wageni, kwanza kufua, kisha, alipoonekana ana jicho kali, akakabidhiwa majiko ya mafuta, friji la mafuta ya taa na chujio la maji. Friji lile lilikuwa likitoa moshi na kulowesha nyama, naye akalichukua kama mgonjwa wake, akawa anakata utambi kila Jumamosi mpaka mwali ukawa wa buluu, anafuta masizi kwenye bomba la moshi, na kabla ya mwezi kwisha lilikuwa linagandisha huku likila nusu tu ya mafuta ya mwanzo. Mabirika aliyakwangua ukoko kwa limau, na wageni wakawa wanaulizana chai ya pale imewekwa nini.

Tarehe 5 Agosti 1961 alifunga ndoa na Ndugu Bartholomeo Kikoti, seremala, aliyeketi hapa mbele yenu. Walijaliwa watoto watatu, Mika aliyezaliwa 1962, Rozalia aliyezaliwa Februari 1963, na Crispin aliyezaliwa 1966. Rozalia aliharisha siku nne, akafariki tarehe 21 Januari 1964, na hapa ndipo maisha ya dada yetu yalipogeuka, maana maji aliyokuwa akimnywesha mtoto aliyabeba kutoka kazini, kwenye chujio lile alilolisafisha kwa mikono yake. Alirudi kazini kabla ya arobaini, akalifungua, akayatoa yale mawe meupe ya kuchujia, akayashika moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akakuta moja lina ufa mwembamba kama unywele. Hakuna daktari aliyesema ufa ule ndio uliomuua Rozalia, lakini tangu siku hiyo Lea hakunywa maji nyumbani kwa mtu, wala kanisani, wala hapa kwetu, bila kuuliza yametoka wapi na yamekaa ndani ya chombo gani. Wengine walimwona ana maringo. Hata mimi.

Mwaka 1967 alijiunga na mafunzo ya Maendeleo, mwaka 1971 akahamishiwa Mbeya, familia ikapanga Iyunga, na kuanzia Mei 1975 akawa Bibi Maendeleo katika kijiji kimoja cha Usangu, ambako jamaa wengi walikuwa wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao. Aliwafundisha kina mama kuchemsha maji, kusugua mitungi kwa mchanga, kusafisha stovu ili isile mafuta bure, akawaambia pia kwamba ule weupe unaoganda ndani ya birika ni chokaa ya maji yenyewe, haumdhuru mtu. Maneno hayo yalikuja kumrudia.

Ijumaa ya tarehe 17 Septemba 1976, Mzee Nkuba, mmoja wa wafugaji hao, alikuwa anajiandaa kumwoza binti yake Kashindye kesho yake. Ulikuwa wakati wa kiangazi kikali, mto ulikuwa umerudi nyuma mwendo wa saa mbili, na wanawake walikuwa wamebeba maji siku mbili nzima kulijaza pipa jipya la bati, lililopakwa rangi ya buluu, ambalo mzee alilinunua kwa mchuuzi wa barabarani kwa kubadilishana na mtamba. Lea alifika asubuhi kusaidia mapishi. Alipochota maji karibu na chini ya pipa aliona weupe ukipanda kutoka kwenye mshono wa bati, ukatawanyika ndani ya kata kama maziwa, na pua yake ikapata harufu ya dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe.

"Mzee Nkuba," alisema, "pipa hili lilikuwa la dawa."

"Hiyo ni rangi tu, Mama Mika. Na ng'ombe wangu wametoka josho juzi, mji mzima unanuka."

Mkewe Nkuba akacheka, akasema, "Si wewe uliyetufundisha kwamba weupe ni chokaa, haudhuru?"

Lea alijibu kwamba chokaa hushika chombo, lakini huu unatembea ndani ya maji, ila hakuna aliyetaka kusikiliza, kwa kuwa mitungi ya kupikia ilikuwa imeshapangwa na wageni wa kwanza walikuwa wanaonekana njiani. Alituambia baadaye kwamba hakuwa na hakika, kwamba pale aliposimama alijiuliza mara tatu kama ni dawa kweli au ni Rozalia anayemsumbua moyoni, na kwamba kama angewaachia wachague wangechagua kunywa. Basi akaweka bega kwenye pipa, akasukuma. Likatikisika, likarudi. Akasukuma tena, likaanguka, na maji ya siku mbili yakanywewa na vumbi watu wakitazama.

Wanawake walipiga yowe. Mzee Nkuba aliinua fimbo yake.

"Nipige, baba," Lea alisema, "lakini wageni wako watarudi kwao wazima."

Fimbo haikushuka, maana Kashindye mwenyewe, akiwa amepakwa mafuta ya harusi, alisimama katikati yao, akamwambia baba yake, "Wewe piga, mimi kesho siolewi." Ndipo Lea akachukua ndoo, akaanza safari ya mto peke yake, akaenda na kurudi mara mbili mpaka jua linazama, na harusi ikasogezwa siku moja. Jioni ile halmashauri ya kijiji ilimwita, ikamwambia asifanye kazi tena mpaka ajibu shtaka la kuharibu sherehe ya watu. Bartholomeo, aliyekuwa amefika kutoka Iyunga kwa ajili ya harusi, alimsihi aende akaombe radhi yaishe, naye akakataa, wakakaa siku nne chini ya dari moja bila kusemezana, na shemeji yetu ameruhusu lisemwe leo.

Siku ya nne alifika bwana mifugo Isakwisa kutoka Mbeya, aliyeitwa kulikagua pipa, akalikwangua kwa kisu mbele ya halmashauri, na chini ya ile buluu ikatokea picha ya fuvu la kichwa cha mtu, alama ya sumu, na maandishi mekundu ya dawa ya josho. Mzee Nkuba aliondoka, na kesho yake alfajiri akaja kusimama mlangoni kwa Lea, hakuomba radhi, aliomba tu, "Mama Mika, njoo uangalie vyombo vyangu vyote." Akaenda, akavipitia vyote mpaka birika la mwisho. Bartholomeo alifuata nyuma yake akimbebea ndoo.

Lea aliendelea na kazi hadi Oktoba 1978, alipoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akatibiwa Mbeya, kisha akaletwa hospitali ya Tosamaganga tarehe 2 Mei mwaka huu, 1979, madaktari wakatueleza kwamba moyo umepanuka, naye akatutoka Jumamosi tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa Maendeleo, majirani wa Iyunga waliowalea Mika na Crispin alipolazwa, Mzee Nkuba na watu wake waliosafiri siku mbili wakafika jana, na madaktari wote waliohangaika naye. Mwisho kabisa tunamshukuru muuguzi Ikupa, aliyekuwa naye asubuhi ile, na ambaye ametusimulia kwamba dada aliomba maji, akaletewa kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akanywa yote bila kuuliza yametoka wapi.

Umepumzika, dada. Amani iwe nawe.